Daftari la Maombi

Kijana wa Kalya, kusini mwa ufuko wa Uvinza, anayeomba mkopo wa chuo au ufadhili wa Samia Skolashipu, asitegemee kichwa chake peke yake. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, inamtambua kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. Cheti cha kuzaliwa sharti kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili. Fomu ikishajazwa mtandaoni huchapwa, husainiwa na serikali ya kijiji na hakimu au wakili, kisha hupakiwa upya. Hakimu hayuko kila kijiji, na upepo wa ziwani unaochelewesha boti haujui tarehe ya mwisho.

Basi nunua daftari. Kila ombi lipate ukurasa wake: dirisha linafungwa lini, malipo yamefanyika kwa kumbukumbu namba ipi, nakala ziko kwa nani. Andika pia laini ya simu uliyosajilia, na iwe yako, si ya mjomba mvuvi ambaye giza la mwezi likiingia yuko majini na dagaa wake, hapatikani. Jina likitofautiana hata herufi moja kati ya cheti cha kuzaliwa na cha shule, liandike kwa wino mwekundu. Hilo ndilo la kushughulikia mapema, maana marekebisho huchukua muda mrefu kuliko fomu yenyewe.

Ukurasa wa udahili uutangulize. Bodi humpangia mkopo aliyekwisha kupokelewa na chuo.