Mwaka Huu Wetu

Kabla ligi haijaanza, kila baraza hapa Unguja husikika neno moja: "Mwaka huu wetu." Mzee mmoja wa baraza letu, Simba kindakindaki, aliwahi kukataa kulisema. Alihesabu mabeki waliohama, akamtaja mshambuliaji mgeni asiyeizoea ardhi yetu, akasema ubingwa hatuuoni. Akaitwa msaliti, na siku ile hakuna aliyemlipia kahawa.

Je, alisaliti? Mzee huyu alikuwapo Dar es Salaam mwaka 1993, Simba ilipotoka sare Abidjan kisha ikafungwa nyumbani na Stella mabao 2 kwa bila katika fainali ya Kombe la CAF. Akawapo tena Amaan, Mei 2025, fainali ya Kombe la Shirikisho ilipotuponyoka mbele ya Berkane. Miaka 32 baina ya kilio na kilio, na jezi hajaivua.

Kwa maoni yangu, asemaye "mwaka huu wetu" hatabiri. Anaweka nadhiri, wala nadhiri si uongo. Kosa huanza pale nadhiri tuliyoiweka wenyewe tunapomdai mwingine aitimize. Kijana akikosa penalti hutukanwa yeye na mama yake, ambaye pengine hajui hata jezi ina rangi gani. Mzee yule sijamsikia akimtukana mchezaji. Amdai nini, naye hakumkopesha tumaini lake?

Ligi ikianza, yeye ndiye wa kwanza kuketi mbele ya televisheni, redio ndogo mfukoni, umeme usije ukakatika.