Daftari Hili Msilifanye Mlinzi

Wanangu mnaolea watoto Marekani, nasikia kabla ya kupanga nyumba mnafungua simu kwanza, mkatazama ramani ya waliotiwa hatiani kwa makosa ya ngono. Sisemi mwache. Mzazi ana haki ya kujua. Ila jueni daftari linalozaa ramani hiyo limetoka wapi.

Oktoba 1989, katika mji mdogo wa St. Joseph, Minnesota, Jacob Wetterling, mtoto wa miaka 11, alitekwa na mtu aliyejifunika uso na kushika bunduki. Mama yake, Patty, alipigania polisi wawe na orodha ya wakosaji wa aina hiyo ya kuanzia upelelezi, na sheria yenye jina la mwanawe ikapitishwa 1994. Orodha ile ilikuwa ya polisi. Mwaka 1996, baada ya msichana wa miaka 7 kuuawa New Jersey na jirani aliyekuwa na makosa ya ngono nyuma yake, majimbo yakatakiwa kuwatangazia wananchi habari za walioandikwa. Sheria ya 2006 ikazidisha: miaka 15, 25, au maisha yote daftarini, na hata baadhi ya waliokosa wakiwa na miaka 14 wakaingizwa.

Patty alikaa karibu miaka 27 bila kujua mwanawe yuko wapi. Hata hivyo amesema hadharani kwamba mambo yamepita kiasi, hasa kwa watoto wanaoandikwa humo. Namsikiliza yeye kuliko wanasiasa. Kule Miami, masharti ya makazi yaliwabana waliomaliza vifungo mpaka wakaishi chini ya daraja la Julia Tuttle. Sioni mtoto gani alilindwa kwa hilo.

Na lipo linalonitisha zaidi. Daftari huwaandika waliokwisha kuhukumiwa tu. Kikulacho ki nguoni mwako: watoto wengi wanaonajisiwa hutendewa na mtu wanayemjua, awe mjomba, kocha, mwalimu wa dini au rafiki wa baba, na jina lake halimo kwenye ramani yoyote. Kisha ukoo unakaa kikao, mambo yanamalizwa nyumbani kwa kuogopa aibu, na mtoto anaamriwa amwamkie mtu yule yule.

Mtoto akisema hataki kubaki na fulani, msimkemee. Kaeni naye, msikilizeni mpaka amalize. Akisema ametendewa, mpelekeni hospitali na waiteni polisi siku hiyo hiyo, hata kama mtuhumiwa ni ndugu yangu wa damu. Msinipigie simu nije kusuluhisha. Jambo hili halina kikao cha wazee.