Hesabu Kabla ya Nguvu

Kisa hiki ni cha mwaka 1858. Nakisimulia kwa sababu kosa lililotendeka wakati ule bado tunaishi nalo majumbani mwetu, na yeyote kati yetu, mimi nikiwemo, anaweza kulirudia.

Kampuni ya Atlantic Telegraph ilikusudia kuunganisha Ireland na Newfoundland kwa kebo ya telegrafu ipitayo chini ya bahari. Fundi mkuu wake wa umeme alikuwa Wildman Whitehouse, daktari wa upasuaji kutoka Brighton aliyejifunza umeme kwa majaribio yake mwenyewe. Alikuwa mtu wa bidii. Miongoni mwa wakurugenzi alikuwemo William Thomson, profesa wa Glasgow ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin.

Dalili zilianza mapema. Thomson alionyesha kwa hesabu kwamba kadiri kebo inavyorefuka ndivyo ishara zinavyochelewa, tena kwa kasi: ukizidisha urefu mara mbili, ucheleweshaji huwa mara nne. Hivyo alitaka waya wa shaba ulio ndani ya kebo uwe mnene. Whitehouse akaikataa hesabu hiyo, na kampuni ikaendelea na waya mwembamba. Kisha Thomson akapima vipande vya shaba ile na kukuta kwamba vingine vilipitisha umeme vibaya kuliko vingine, ingawa unene ulikuwa ule ule. Tena, sehemu ya kebo iliachwa nje juani. Gamba lake la gutapecha, ambayo ni utomvu wa mti unaofanana na mpira, likalainika, na shaba ikasogea kutoka katikati. Upande mmoja gamba likabaki jembamba mno.

Kebo ilikamilika tarehe 5 Agosti. Ishara zilifika zikiwa dhaifu. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais Buchanan wa Marekani, maneno 98 tu, zilichukua takriban saa 16. Thomson alikuwa na kipimo cha kioo chepesi kilichoweza kusoma mkondo mdogo sana, kwa hiyo betri ndogo ingetosha. Whitehouse alishika njia nyingine: ishara ikiwa dhaifu, ongeza nguvu. Akaunganisha koili kubwa zilizotoa takriban volti 2000. Mwanzoni mwa Septemba kebo ikanyamaza. Ni haki kusema kwamba ilikuwa na majeraha tangu kiwandani, lakini volti zile ziliharakisha kifo chake.

Linalosikitisha ni kwamba hesabu ilikuwepo. Georg Ohm aliichapisha kanuni yake mwaka 1827, na James Joule alieleza joto la mkondo mwaka 1841. Gawanya volti kwa ampea, unapata ukinzani kwa omu. Zidisha volti kwa ampea, unapata wati. Tuchukue ukinzani wa omu 100. Ukiupa volti 10, unapitisha ampea 0.1 na kutoa joto la wati 1. Ukiupa volti 100, unapitisha ampea 1 na kutoa wati 100. Volti zimeongezeka mara kumi, joto limeongezeka mara mia. Anayeongeza volti bila kujua hali ya waya wake hajui anachokiwasha.

Waliofuata walijifunza. Mwaka 1861 chama cha wanasayansi wa Uingereza kiliunda kamati ya kuweka kipimo kimoja cha ukinzani. Kebo ya mwaka 1866 ilikuwa na shaba nzito karibu mara tatu, na ilipimwa hatua kwa hatua. Fundi Latimer Clark alituma ishara kuvuka Atlantiki kwa betri iliyotengenezwa ndani ya subana ya fedha, kile kikofia cha kidole cha mshonaji.

Ndugu msomaji, tazama sasa ekstensheni ya jikoni kwako. Ikiwa ni ya ampea 13 kwenye volti 230, mwisho wake ni wati 2990. Birika la wati 2000 na pasi ya wati 1200 vikiwashwa pamoja hufika wati 3200, yaani karibu ampea 14. Umeshavuka. Na skrubu ikilegea ndani ya plagi, ukinzani wa omu 1 tu pale kwenye kiungo, ukipitiwa na ampea 8, hutoa wati 64 za joto mahali padogo kuliko ukucha. Moto wa nyumba unaweza kuanzia hapo.

Dalili huwa zipo: plagi inayochoma vidole, harufu ya plastiki, weusi kwenye soketi, fyuzi inayokatika kila mara. Mara nyingi tunazijibu kama Whitehouse. Fyuzi ikikatika tunafunga kipande cha waya mahali pake, taa zinawaka, tunashukuru. Tafadhali tusifanye hivyo. Fyuzi inayokatika inatuambia kwamba mkondo umezidi, nasi tunapoiondoa tunajinyima onyo la mwisho.

Soma wati zilizoandikwa kwenye kila chombo, zijumlishe, zigawanye kwa 230. Jibu likizidi ampea za ekstensheni, chomoa kimoja. Plagi ikipata joto, zima, kisha mwite fundi mwenye leseni apime kabla ya kuitumia tena. Na fundi akikwambia waya wako haubebi mzigo huo, msikilize, hata kama mpaka leo umekuwa ukifanya kazi vizuri.