Je, Kubuni Ulimwengu ni Kushindana na Mungu?

Wapo wazazi wanaouliza kama inafaa kijana Mkristo kukaa jioni nzima akibuni nchi zisizokuwepo, zenye wafalme na mazimwi. Ipo michezo ya mezani ya namna hiyo; iliyo maarufu zaidi, Dungeons & Dragons, ilitolewa Marekani mwaka 1974. Mmoja hubuni ulimwengu na kuusimulia. Wenzake hujitwalia wahusika na kuchagua la kutenda, kisha dadu huamua kama wamefaulu.

Wazazi husema: kuumba ni kazi ya Mungu, na kusimulia yasiyokuwepo ni uongo.

Lakini mwongo hutaka aaminiwe. Watoto wa Laela wanaopika udongo kwenye makopo hawamdanganyi mtu. Bwana Yesu naye alifundisha kwa mifano. Hatuulizi Msamaria mwema aliitwa nani, bali tunajifunza jirani ni nani. Shaaban Robert alibuni Kusadikika, nchi inayoelea angani, katika kitabu kilichotoka mwaka 1951. Haimo katika ramani yoyote, lakini dhuluma yake tunaitambua.

Wala hatuumbi pasipo kitu. Kijana wa Ufipa akibuni nchi, milima yake itakuwa na baridi ya kwetu na ziwa lake litafanana na Rukwa. Anapanga upya alivyopewa. J.R.R. Tolkien, Mkatoliki na mtunzi wa hadithi za namna hii, aliona kwamba mwanadamu hubuni kwa sababu ameumbwa kwa mfano wa Muumba.

Tena mchezo huu una fundisho. Msimulizi akiwalazimisha wenzake wafuate njia aliyoitaka yeye, mchezo hufa. Sharti awaache wachague, hata vibaya. Hapo anaonja kidogo uvumilivu wa Mungu aliyemwachia Adamu hiari yake. Ila yeye, akichoka, hukunja karatasi zake akalale. Mungu hakuukunja ulimwengu wake; aliingia ndani yake, akajeruhiwa humo.

Basi tusimpime kijana kwa mazimwi aliyoyabuni. Tumpime anapoinuka mezani. Akiwaokoa wanyonge wa kubuni huku mama yake anahangaika peke yake na ndoo za maji, mchezo umekuwa maficho. Akiinuka akaipokea ndoo, tusimzuie kubuni.