Mesa na Meza

Ukitoka Mexico ukashukia Ufilipino, meza bado ni mesa. Meli za Wahispania zilisafiri kati ya Acapulco na Manila tangu 1565 hadi 1815. Maneno nayo yakapanda. Juzi hapa Ganjoni, Mombasa, baharia Mfilipino aligonga meza ya mkahawa kwa kidole: "Mesa!" Mama wa viazi karai akacheka: "Ee, meza, mwanangu. Haya, kaa ule." Sisi Waswahili neno hilo tulilipata kwa Wareno. (Lakini neno pera lichunge: kwetu tunda, kwa Wafilipino pesa.) Na Fort Jesus, ngome ya Wareno hao pale upande wa pili wa mji, ilianza kujengwa 1593 kwa amri ya Mfalme Felipe wa Pili wa Uhispania, aliyetawala Ureno pia, yule yule ambaye Ufilipino ilipewa jina lake.