Shemu na Yafethi Walitembea Kinyumenyume

Neno: Mwanzo 9:20-23, Luka 8:26-39

Leo naomba simu zikae ndani ya mikoba kidogo, kwa sababu Neno lenyewe linazihusu.

Nuhu alitoka safinani, akapanda mizabibu, akanywa divai akalewa, akalala uchi hemani mwake. Huyu ni mzee aliyetembea na Mungu, na siku hiyo yuko chini. Hamu akamwona. Kuona peke yake si shida, mtu anaweza kuona bila kutaka. Lakini Hamu alimwacha babake vile vile, hajafunikwa, akatoka nje kuwapasha wenzake habari. Angekuwa na simu, dunia nzima ingejua kabla jua halijatua, hata kama dunia nzima wakati huo ilikuwa familia moja! (Laana ya Kanaani tutaisoma siku nyingine. Watu waliitumia vibaya sana kudhulumu ngozi nyeusi.)

Shemu na Yafethi walifanya nini? Walichukua nguo, wakaiweka mabegani, wakatembea kinyumenyume mpaka wakamfunika mzee wao. Jaribu kutembea hivyo nyumbani kwako uone kama ni rahisi. Walijisumbua ili macho yao yasimwaibishe.

Hapa kwetu tuko na akina mama wanaosimama karibu na madhabahu na leso. Dada akianguka wakati wa maombezi, leso inafika kabla hajatulia. Mimi naiheshimu hiyo huduma kuliko mnavyofikiria. Sasa angalia: mama anafunika upande huu, na upande ule kijana ameinua simu, anarekodi. Leso imefunika miguu, lakini uso unaenda status.

Kuna dada alikuja kwenye kesha akiwa na mzigo wa miaka mingi. Akaombewa, akalia, akabingirika chini, akasema maneno ya nyumbani kwake ambayo hangesema akiwa ametulia. Mtu akarekodi. Kufika Jumatatu video iko kwa kikundi cha WhatsApp cha ploti anakoishi, na mtoto wake anachekwa shuleni. Huyo dada hajarudi kuabudu na sisi. Mungu alimfungua Ijumaa, na sisi tukamfunga Jumatatu. Kama hilo halikuumi, rudia kulisoma.

Mtu ataniuliza, "Pastor, si huo ni ushuhuda? Si watu waone matendo ya Mungu?" Swali zuri. Twende Luka 8. Yule mtu wa makaburini hakuwa anavaa nguo, alikuwa amefungwa minyororo, mapepo yanamkimbiza jangwani. Watu wa mji walipokuja kuangalia, walimkuta ameketi miguuni pa Yesu, amevaa nguo, ana akili zake. Halafu Yesu akamtuma arudi nyumbani kwake aeleze mambo aliyotendewa. Ni nani alitumwa? Yeye mwenyewe! Petro hakutumwa, Yohana hakutumwa. Ushuhuda ulikuwa mali yake, akautoa kwa mdomo wake, akiwa amevaa. Basi ngoja ndugu yako avae. Akitulia, siku nyingine, muulize: "Naomba nikurekodi ukishuhudia. Tutaweka kwa ukurasa wa kanisa, na watu wa kwenu wanaweza kuona. Ni sawa?" Akisema hapana, mshukuru na usimtafutie aya.

Na yule kiziwi wa Marko 7, Yesu alimtoa kwanza kwenye umati, akamponya pembeni. Umati ulikuwepo na ungeshangilia. Hakuutumia.

Nigusie pia ziara zetu za wajane. Pakiti moja ya unga, kilo 2, na watu saba wameishika wakiangalia kamera! Mama wa watu anatabasamu kwa sababu afanye nini? Ukimuuliza ruhusa na unga bado uko mkononi mwako, hujauliza. Mpe kwanza, mwombe naye, ukae, unywe chai kama iko. Mathayo 6 tunaijua sote.

Hata Kaisari ameona jambo hili. Katiba yetu, Kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu, na tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mnamo Septemba 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ikatozwa 1,850,000 kwa picha ya mteja. Walimu wa Shule ya Jumapili, mmesikia. Lakini isiwe tunaogopa faini kuliko tunavyomwogopa Mungu.

Wazee wamekubaliana: kuanzia kesha la Ijumaa hii, wakati wa maombezi kamera ya kanisa inazimwa, na simu za washirika pia. Asiyetaka kuonekana Jumapili akae safu za kushoto, kamera haitageuzwa huko. Mwenye video ya yule dada aifute leo, kisha ampigie aliyemtumia naye afute. Akina mama wawili wanaenda kumwona Alhamisi. Tunasikia amehama, kwa hivyo anayejua anakoishi amwone Mama Mchungaji baada ya ibada, ampe namba ya dada huyo, lakini kwanza amuulize dada mwenyewe kama anakubali.