Kiasi ni cha Nani?

Mwaka 1995 Barry Sears, mtaalamu wa biokemia wa Marekani, alitoa kitabu kiitwacho The Zone, nacho kikapata wasomaji wengi sana. Kanuni yake ni fupi: nguvu tuipatayo katika kila mlo itokane na wanga kwa asilimia 40, protini 30 na mafuta 30. Kwa maelezo yake, mizani hiyo huzuia insulini isipande kupita kiasi, na mtu hupungua uzito bila kushinda na njaa. Asiyependa hesabu aliambiwa agawe sahani: theluthi moja nyama au samaki wa ukubwa wa kiganja chake, theluthi mbili mboga na matunda, kisha mafuta kidogo, kama ya zeituni.

Waliojaribu hawakusema mamoja. Wapo waliosifu kwamba usingizi wa baada ya chakula cha mchana umewatoka. Wapo waliochoka kupima kila tonge. Lakini kinachonishughulisha zaidi ni lugha yao. Aliyeshika kanuni husema amekuwa mwema. Aliyeonja keki husema ameanguka, kana kwamba ametenda dhambi. Je, ndugu msomaji, kushindwa kufuata mlo ni kosa la kimaadili?

Kwamba kiasi ni fadhila, hakuna ubishi. Lakini Aristotle, aliyeisifu mno fadhila hiyo, alitahadharisha kwa mfano wa chakula chenyewe. Ikiwa mafungu kumi ni mengi na mawili ni machache, haifuati kwamba kila mtu apewe sita. Sita ni machache kwa Milo, mpiga mieleka mashuhuri, na ni mengi kwa anayeanza mazoezi. Katikati ya hesabu si lazima iwe katikati ya mtu.

Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliofanyika Boston. Watu 160 waligawiwa milo minne, arobaini kwa kila mlo, na mmojawapo ulikuwa huu wa Sears. Baada ya mwaka mmoja, katika kundi lake walibaki 26, na wastani wa uzito uliopungua ulikuwa kama kilo tatu. Milo yenyewe haikupitana sana. Waliopungua zaidi ni wale walioshika mlo waliopewa, uwe upi.

Hapo mtu atadakia: basi ni nia tu, aliyeacha ni mlegevu! Sikubaliani naye. Kushika mlo hutaka nia, naam, lakini pia hutaka fedha za samaki, nafasi ya kupika, na jamaa walio tayari kula vivyo hivyo. Mama anayerudi kazini usiku, akakuta watoto watatu wanangoja chakula, hakuanzia pale alipoanzia mwenye mpishi. Kuwahukumu wawili hao kwa sahani zao ni dhuluma.

Sisemi kila mtu ale apendavyo. Mwenye kisukari ana wajibu kwa mwili wake na kwa wanaomtegemea. Lakini wajibu wake ni kutafuta kiasi anachoweza kudumu nacho. Wahenga walisema, mla ni mla leo, mla jana kala nini? Ukali wa Januari haumfai mtu Agosti. Na aliyeanza tena leo, kwa kiasi chake kidogo, anastahili heshima yetu kuliko maswali yetu.